Oili Niliyoipima kwa Kidole

Vijana mnaoanza ufundi, nawaomba mnisikilize kabla hamjazoea kusifiwa. Nimeshika spana hapa Ifakara miaka thelathini na nne, na mgongo ulipokataa kuingia tena chini ya magari, nikawaachia wengine. Ukiulizia habari zangu kwenye gereji za mjini utaambiwa kwamba mzee Kasiani alikuwa bingwa wa giaboksi. Wengine watakutajia jina langu la kazi, Fundi Kidole. Sifa hizo zinaniuma, na nitawaeleza kwa nini. Ila nianze na makosa ya kuchekesha, maana aibu ikiandaliwa peke yake hailiki.

Aliyenifundisha giaboksi ni Mzee Salehe, mtu wa Kidatu. Alitengeneza matrekta ya mashamba ya miwa kwa miaka mingi, ndipo akaja kufungua gereji yake hapa. Alikuwa mfupi, sauti yake ndogo, na hakuwahi kunipiga wala kunitukana. Akikasirika alikunja mikono kifuani akakutazama tu, nawe ukatamani bora angekutukana. Siku ya kwanza alinionyesha nati mbili za giaboksi, ya chini ya kumwagia oili na ya ubavuni ya kujazia.

"Unaanza na ipi?" akaniuliza.

Nikajibu ya chini, kwa sababu huwezi kujaza kabla hujamwaga.

"Anza na ya kujazia. Hiyo ikikataa kufunguka, ya chini usiiguse."

Hakueleza sababu. Mimi kwa ujana wangu nikadhani ni miiko ya wazee tu. Miezi michache baadaye akaenda msibani, akaniachia gereji, na gari la kwanza kuingia likawa la padri. Nikamwaga oili yote kwa mbwembwe, kisha nikageukia nati ya kujazia. Ilikuwa imeshikwa na kutu. Nikaivuta na spana isiyoikaa vizuri mpaka pembe zake zote zikalika, ikabaki duara kama kitufe. Sasa nina giaboksi tupu, na tundu la kujazia halifunguki. Siku tatu padri alikwenda kusalisha vigangoni kwa baiskeli, kanzu ameifunga kiunoni, na kila alipopita mbele ya gereji alinisalimia kwa upole ulionitesa. Mzee Salehe alirudi, akatazama, akakunja mikono. Alichukua patasi na nyundo, akaifungua nati ile kwa asubuhi nzima huku mimi nimemshikia taa. Tangu siku hiyo naanza na ya kujazia, na ninyi anzeni nayo.

Kosa la pili lilihusu kuchagua oili. Siku hizi mna simu, mnaandika aina ya gari na mnaletewa jibu. Zamani zile mimi nilichagua kwa pua. Oili ya difu, yale meno ya ekseli ya nyuma, inanuka sana, harufu yake ya kiberiti inakaa kwenye nguo hata zikifuliwa, nami nikajiambia kwamba dawa kali ndiyo inayoponya. Nikaanza kuitia kwenye kila giaboksi. Baada ya miezi wateja wakaanza kurudi, huyu gia ya pili inagoma, yule ya tatu inapiga kelele ikiingia. Kumbe ndani ya giaboksi nyingi mna ringi za shaba zinazosaidia gia kukutana bila kugongana, na ile dawa kali iliyowekwa kwa ajili ya meno ya difu inazila. Kopo limeandikwa. GL-5 ni ya difu, GL-4 ndiyo inayotakiwa na giaboksi nyingi za mkono, na zipo zinazotaka oili nyepesi kabisa, nyingine hata oili ya injini. Soma kitabu cha gari, soma kopo, ukishindwa uliza. Pua iachie mboga.

Na kuna mchezo mmoja ninaoutaja nikiwa nimeinamisha kichwa. Giaboksi inayolia ukiitia unga laini wa mbao pamoja na oili nzito, inanyamaza kwa siku kadhaa, mpaka mnunuzi aondoke na gari. Mbao hazikosekani katika bonde hili. Nilifanya mara mbili kwa kuombwa na wauzaji. Mara mbili zinatosha kumjua mtu.

Sasa nije kwenye kidole. Njia sahihi ya kupima oili ya giaboksi ni hii: gari lisimame mahali tambarare, ufungue nati ya kujazia, oili iwe imefika mdomoni mwa tundu. Ukiingiza kidole na kukikunja kidogo, kinapaswa kuigusa pale pale. Mimi nikaligeuza jambo hilo dogo kuwa maonyesho. Nilitumbukiza kidole, nikakitoa, nikasugua oili kati ya vidole viwili, nikanusa, nikafumba macho kama mganga, kisha nikatoa hukumu. "Hii ina miezi sita." "Hii ichukue hadi mavuno." Mara nyingi nilipatia, na madereva wakapenda, kwa sababu kidole kilikuwa cha haraka na hakikuwalazimu kununua oili mpya. Wakanipa jina. Mzee Salehe alikuwa ameshafariki, hapakuwa tena na mtu wa kunikunjia mikono.

Masika moja, inakaribia miaka ishirini sasa, maji yalikata barabara pale Katindiuka. Wakati huo mteja wangu mkubwa alikuwa Mama Gaudensia, mfanyabiashara wa mchele mwenye mashine ya kukoboa hapa mjini. Alikuwa na pikapu iliyofuata mpunga Mlimba, na dereva wake alikuwa kijana wa Kisukuma anayeitwa Maduhu. Wazazi wa Maduhu walihamia bondeni na ng'ombe wao yeye akiwa mtoto. Alichunga, halafu akaacha fimbo akajifunza udereva, akampata mke, na wakati ule walikuwa na mtoto wa kike wa kubebwa mgongoni. Alikuwa dereva mzuri. Mama Gaudensia mwenyewe aliniambia kwamba kijana huyu akipanda mlima anazima redio ili alisikilize gari.

Maduhu alikuja gereji asubuhi, akaninyooshea mikono yote miwili.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Jana jioni nimevuka maji Katindiuka. Yalifika mlangoni, gari ikazima katikati, ikakaa kama nusu saa ndipo watu wakaisukuma hadi hapa gerejini, ikalala. Naomba uniangalizie oili ya giaboksi."

Nikaingia chini. Nikafungua nati ya kujazia, na kabla sijaingiza kidole oili ikadondoka yenyewe. Nikaigusa, ilikuwa safi, rangi ya asali. Nikatoka nikifuta mkono.

"Imejaa, tena imezidi. Nenda kazini."

Hakuondoka. Alisimama akishika kofia yake. "Fundi, huwezi kufungua ya chini kidogo tuone? Maji yakiingia si yanakaa chini?"

Walikuwepo watu sita au saba wakisubiri magari yao, wote wateja wangu, wote wakiwa wametoka kuniona nikitoa hukumu. Nikaona kijana ananivua nguo mbele yao. Nikamwambia, "Wewe ndiye wa kunifundisha mimi giaboksi? Rudi ukakamue ng'ombe, hiyo ndiyo kazi unayoijua."

Watu wakacheka. Maduhu naye akacheka kidogo kwa adabu, akasema asante, akaondoa gari.

Nataka muelewe alichokuwa amekielewa yeye. Giaboksi iliyotoka safari ina joto. Ikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inajikunja, na giaboksi inavuta pumzi kupitia kipumulio chake cha juu. Badala ya hewa inavuta maji. Gari likilala, maji yanashuka chini na oili inapanda juu yake, kwa hiyo anayepima asubuhi kwa kidole anakuta oili safi, tena nyingi. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimeijaza giaboksi ile miezi miwili nyuma, kipimo kamili, mdomoni mwa tundu. Ile iliyodondoka ilitoka wapi? Oili haizai. Swali hilo lingeulizwa na mwanafunzi wa wiki ya kwanza, nami bingwa sikujiuliza.

Gari lilifanya kazi wiki tatu. Katika wiki ya pili Maduhu alimwambia Mama Gaudensia kwamba anasikia mlio. Mama akanipigia simu. Nikamwambia oili niliipima mwenyewe, labda kijana ana haraka na klachi. Tazama nilivyokuwa nimeshaanza kumchimbia shimo, na hata giaboksi haijafa. Wiki iliyofuata ikajifunga njiani, gari likitoka Mlimba na shehena ya mpunga. Maduhu alikaa na mzigo siku mbili kwenye mvua, akaufunika kwa turubai na yeye akakaa nje ya turubai, mpaka lori likawavuta hadi kwangu.

Nilikuwa peke yangu chini ya gari, nimekinga beseni, nilipofungua nati ya kumwagia. Maduhu alikuwa amekwenda kumwita Mama. Kwanza yalitoka maji. Maji kabisa, ya rangi ya kutu. Kisha ukafuata uji mweupe kama chai ya maziwa iliyokaa, ndivyo oili inavyokuwa ikipigwa pamoja na maji. Nilipoishusha na kuifungua nikakuta beringi zimeoza kwa kutu, na jino moja la gia limekatika. Nikalitazama beseni lile. Nilijua palepale, bila shaka hata chembe, kwamba nimeiua mimi.

Nikasikia sauti ya Mama Gaudensia barabarani. Nikanyanyua beseni, nikalimwaga kwenye mtaro nyuma ya gereji, nikafuta sakafu kwa unga wa mbao, nikarudi na kukaa. Yote hayo niliyafanya haraka kuliko kazi yoyote niliyowahi kumfanyia mteja.

Mama alifika, Maduhu nyuma yake, ameloa, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nikamwonyesha Mama lile jino lililokatika.

"Ni dereva?" aliniuliza.

Ningeweza kusema sijui. Hata uongo huo mdogo ungemwokoa. Nikasema, "Mama, jino kama hili halikatiki lenyewe."

Ni kweli, halikatiki lenyewe. Nimeishi na ukweli huo mwovu miaka yote hii.

Maduhu alinitazama. "Fundi, oili ulipoimwaga ilikuwaje?"

"Safi," nikasema.

Mama Gaudensia akaanza kusema maneno ambayo wenyeji wengi tuliyasema siku zile, kwamba aliyelelewa kwa fimbo atabadilisha gia kwa fimbo, kwamba alionywa asimwajiri. Katika bonde hili, ng'ombe wakiingia shambani tuligombana na wenye ng'ombe, na baada ya hapo kila kilichoharibika tulikuwa na wa kumsingizia tayari. Mimi nilijua kwamba watu wataamini. Ndiyo maana nilithubutu. Maduhu akakabidhi funguo palepale, na mimi nikapewa kazi ya kuitengeneza giaboksi niliyoiua, nikalipwa, nikapokea.

Hakuna aliyempa gari tena hapa mjini. Alijaribu kwa wenye malori, akajaribu Kidatu kwenye mabasi, habari ilikuwa imemtangulia. Mwisho akarudi kwenye ng'ombe na jembe la kukokotwa, upande wa Mlimba. Na sasa sikieni jambo ambalo ninyi wenyewe mnalifanya. Dereva akikosea klachi, gia ikapiga ule ukelele wa chuma, mnapaza sauti, "Maduhu hiyo!" Mnasema, "Usinitilie Maduhu kwenye gari." Mnadhani ni neno la kigereji kama mengine. Ni jina la mtu. Lilianzia gerejini kwangu, kwa wale waliocheka asubuhi ile, na mimi nililisikia likisambaa mwaka baada ya mwaka nikajifanya nimeshughulika na spana.

Mwaka jana, nikiwa nimeshastaafu, nilikuwa stendi nikisubiri mgeni. Basi likaingia, dereva akalitia gia vibaya, na konda ambaye hata hakuwa amezaliwa siku zile akapiga kelele, "Maduhu!" Stendi nzima ikacheka. Nilirudi nyumbani bila kumpokea mgeni. Mke wangu aliponiuliza nina nini nikamweleza yote, kwa mara ya kwanza. Akasema, "Mama Gaudensia amekufa akiamini hivyo?" Nikasema ndiyo. Akaniambia niende Mlimba kabla Maduhu naye hajafa.

Nilimkuta nyumbani kwake, mwanaume mtu mzima mwenye mvi kidevuni. Nilikuwa nimejifunza salamu ya Kisukuma njiani, nikamwambia, "Mwangaluka." Akaitikia, kisha akanyoosha mikono yote miwili kama zamani.

"Shikamoo, fundi."

Sikuweza kuitika. Nimeitikia shikamoo nyingi maishani bila kufikiri, ile nilijua sistahili. Akanipa kigoda, akaniletea maziwa ya mgando, akasubiri nimalize kunywa. Nikamweleza kuhusu maji, beseni na mtaro. Alisikiliza akitazama mashamba.

"Nilijua," alisema. "Niliporudi na Mama, mtaro ulikuwa na weupe. Maji ya mvua yalikuwa hayajauondoa."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, nani angenisikiliza? Bingwa ni wewe."

Nikamwomba radhi. Nilijiinamia nikaomba kama ninavyojua. Alikataa kwa upole, bila hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi.

"Mimi nimeshazoea, fundi. Nina mpunga, nina ng'ombe, namshukuru Mungu. Lakini yule mtoto uliyemwona mgongoni kwa mama yake, Kabula, sasa ni mkubwa. Yuko chuo cha ufundi huko huko mjini, anasomea magari. Sikumtuma mimi, kapenda mwenyewe. Siku ya kwanza mwalimu akasoma majina, alipofika 'Kabula Maduhu' darasa lote likacheka. Akanipigia simu. Akaniuliza, 'Baba, jina letu lina nini?'"

Akapokea chombo cha maziwa mkononi mwangu.

"Nikamwambia sijui. Sikupata namna ya kumweleza. Kama umekuja kuomba radhi, nenda ukamjibu yeye."

Nilirudi Ifakara, nikaenda chuoni kumwona mwalimu. Nilimwomba saa moja tu, nikamwambia ni somo la oili ya giaboksi, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kusema jambo lenyewe. Alifurahi, akanitambulisha kwa darasa kama Fundi Kidole, wakanipigia makofi. Nilimtambua Kabula bila kuonyeshwa. Alikaa mstari wa mbele, ovaroli imemzidi kidogo, na macho ni ya baba yake.

Nikawaeleza kama nilivyowaeleza ninyi hapa. Kipumulio, maji kukaa chini, oili kupanda juu. Nikafika kwenye beseni. Nikataja jina la dereva, na ubaoni nikaandika: Maduhu hakuvunja giaboksi, niliivunja mimi, nikamsingizia. Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliangalia chini. Wengine walimgeukia Kabula, yeye akawa ananitazama mimi tu.

Nikauliza kama kuna swali. Alinyoosha mkono, akasimama kama wanavyofundishwa.

"Shikamoo, babu. Asubuhi ile baba alipokuomba ufungue nati ya chini, ingekuchukua muda gani?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mwanafunzi anayetaka kujua kazi, kalamu imekaa juu ya daftari.

"Robo saa," nikamjibu, "pamoja na kunawa mikono."